Nilivyopiga Kasia Basotu kwa Ajili ya Mabati ya Maretadu

Ninyi mnaokaa pale kwenye mashine ya kusaga mmeniuliza habari hii vipande vipande. Mmoja anataka ya punda tu, mwingine anataka ya kiboko, na mama mmoja aliuliza tu kama ni kweli nilikula samaki. Ni kweli. Nimeona niandike yote mara moja, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo Boay ananikatiza. Shule niliishia darasa la tatu, halafu ngumbaru, kwa hiyo mahali nilipokosea msome taratibu mtaelewa.

Maretadu, kabla ya kuondoka

Zahanati yetu haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mama akishikwa na uchungu alibebwa kitandani, wanaume wanne mbele, wanne wa kupokezana nyuma, mpaka hospitali, na hospitali iko mbali. Mwaka wa kwanza tulijenga kuta za matofali mabichi, mvua ikaja hatujaezeka, kuta zikarudi kuwa udongo. Nesi Martina alilia mbele yetu, sisi tukaangalia chini. Mwaka uliofuata tukajenga tena, mahali pale pale, kwa udongo ule ule. Ikafika mwezi wa kumi hatuna bati hata moja. Na mvua haingoji kikao.

Sasa kulikuwa na kayaki. Ni mtumbwi wa plastiki, mwembamba, rangi ya chungwa, umefunikwa juu, una tundu moja la kukalia mtu. Aliuleta kijana wa Ulaya aliyekuja kutuchimbia kisima. Aliambiwa Tanzania ina maziwa mengi, akadhani na Maretadu lipo. Maretadu hakuna ziwa. Mwaka mzima uliegemea ukuta wa kanisa, kuku wakawa wanatagia humo. Alipoondoka akatuachia, akasema kwao mtu hupiga kasia siku nzima na majirani wanamchangia, fedha zinajenga shule. Tulimwitikia vizuri. Hakuna aliyemwamini.

Siku ya harambee kanisani mgeni rasmi alikuwa Shabani, yule mnunuzi wa maharage wa Dongobesh, asili yake Kondoa. Yeye ni Mwislamu, lakini ana lori, na harambee haiangalii dini. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi maharage yetu yote yanapita kwenye lori lake, kwa hiyo tunamheshimu na tunamlalamikia, yote mawili. Mnajua harambee ilivyo. Mtu anasimama, anasema mbuzi, makofi. Mwingine debe la mahindi, makofi. Ikafika zamu yangu. Mbuzi wangu walikuwa wamekwisha, na nisiulizwe walikwishaje. Nikasema, "Sina mbuzi. Nina mikono. Nitapiga ile kasia."

Nilidhani watacheka, kisha waendelee na mwingine. Shabani akasimama.

"Mzee Bura, shikamoo."

"Marahaba."

"Utaipiga wapi?"

"Basotu." Ujanani nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano kule, nikavuka ziwa mara mbili ndani ya mtumbwi wa watu. Kuvuka ni kukaa.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na huko majini utakula nini?"

Sauti ikatoka nyuma, na Boay usikatae, nilikutambua: "Atakula samaki!"

Kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Kwa anayesoma na si wa kwetu: sisi Wairaqw wazee samaki hatuli. Watoto wa siku hizi wanakula, wamejifunzia shuleni pamoja na mambo mengine. Baba yangu alimwita nyoka wa majini, akafa hajabadili neno.

Shabani akangoja wanyamaze. "Basi mimi natoa mabati ya nyumba nzima. Mzee akae majini toka jua linachomoza mpaka linazama, asikanyage nchi kavu, na ale atakachovua mwenyewe. Akitoka kabla, bati hakuna."

Wakapiga makofi ya kilo. Mke wangu hakupiga.

Maretadu mpaka Basotu

Lori la Shabani lilinifikisha Haydom mimi na kayaki, juu ya magunia. Hapo nikakaa siku mbili nikingoja trekta la kwenda Basotu, ambalo kila saa lilikuwa linakuja. Nililala kwa mama mmoja muuza chai, mtu mwema, ila alikuwa na jogoo asiyejua saa. Kila aliyepita aliuliza kile kitu ni nini. Mara ya kwanza nilieleza vizuri, na ziwa, na mabati, na akina mama. Kufika jioni nikawa nasema tu ni kayaki. Mzee mmoja akaizunguka, akagonga ubavuni, akaniuliza inasaga dona au sembe. Nikamwambia bado haijafungwa. Akasema ikifungwa nimjulishe.

Trekta lilikuja siku ya tatu, dereva akasema hajachelewa, mimi ndiye niliyewahi. Njiani tulipita yale mashamba makubwa ya ngano. Zamani yalikuwa ya serikali, filimbi ikipigwa asubuhi sisi tunakimbia. Sasa kila kipande kina mwenyewe, na mwenye kipande alikuwa amelala kivulini. Nilimwonea wivu, halafu nikakumbuka filimbi, wivu ukaisha.

Basotu, wiki tatu

Nilipokelewa na Mkumbo, mvuvi wa Kinyiramba aliyekuja Basotu kijana akaoa hapo hapo. Kijana wake alikuwa anasoma Dongobesh, anakaa kwa Shabani, ndivyo tulivyounganishwa. Alinitazama, akatazama kayaki, akauliza, "Mzee, wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Vizuri. Hutajaribu kutoka."

Siku ya kwanza nilikaa ndani ya kayaki muda wa kusali Baba Yetu mmoja, nikaanguka kabla ya amina. Siku ya pili nikaanguka mara nne, ambayo ni maendeleo, kwa sababu kuanguka mara nne lazima uwe umepanda mara nne. Shida yangu ilikuwa mikono. Mtu aliyelima miaka hamsini anashika kila mpini kama jembe. Nilikuwa nachimbua maji na kuyatupa nyuma. Mkumbo alikuwa pembeni kwenye mtumbwi wake wa mti, akivuta sigara.

"Mzee, maji hayana magugu," akasema. "Yavute, usiyapalilie."

Nikayavuta. Wiki ya kwanza saa moja, nikitoka mikono haifiki kinywani, mke wa Mkumbo akanishikia kikombe. Wiki ya pili nusu ya asubuhi. Viboko wapo, wanne, upande wa matete. Mkumbo alinionyesha njia yao na saa zao. Nikazishika kuliko saa za ibada. Hawakunifanya lolote, na ninyi mliotaka habari ya kiboko, hiyo ndiyo yote.

Samaki alikuwa mgumu kuliko kasia. Kuvua si kazi: ndoano ndogo, mnyoo, unangoja, na kungoja nakujua. Perege wa pale ni wadogo, kiganja cha mkono, lakini wanaparua kama wamekosewa. Moto hauwezi kuwashwa ndani ya plastiki, kwa hiyo Mkumbo aliweka jiko la mkaa kwenye mtumbwi wake, juu ya udongo mbichi. Mimi navua, namrushia, yeye anachoma, ananirudishia kwa ncha ya kasia. Yule wa kwanza alinitazama. Kuku ukimchoma hakutazami.

"Funga macho," Mkumbo akasema.

"Nikifunga yangu, yake bado yako wazi."

Nikala. Ladha yake si mbaya, ni kama nyama iliyosahau chumvi. Mwiba ukanikaa kooni, Mkumbo akanitupia tonge la ugali nimeze bila kutafuna, ukashuka. Huo ugali sikuuhesabu, ilikuwa mazoezi. Wiki ya tatu nilikuwa nakula watano na kuulizia wa sita. Nilimwomba Mkumbo asimwambie mtu wa Maretadu. Sasa nimewaambia mwenyewe.

Basotu mpaka Katesh, kwa punda

Ikabaki wiki moja kufika siku tuliyopanga, Jumamosi. Jumapili nikaenda kusali, nikaiacha kayaki ufukweni, tundu juu, imeelekea jua. Niliporudi nilikuta ng'ombe kama arobaini wameizunguka, na Mbarabaigi mmoja, mtu mzima, amejifunga shuka, anamimina magadi ndani yake kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Ng'ombe wanapokezana kuingiza kichwa kwenye tundu, wanalamba. Dume moja lilikuwa limepanda juu kabisa. Plastiki ikalia kama mti.

Yule bwana akaniona. Akaona mvi zangu, akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mvua kwenu?"

"Bado."

Tulipomaliza salamu ndipo tukaanza kugombana.

Jina lake Gidahoda, wa Getanuwas. Alisema ameona hori limewekwa ufukweni, mahali ng'ombe wanapokunywa maji, hakuna mtu, rangi yake ya mradi. Akauliza hori la mradi linawekwa kwa ajili ya nani kama si kwa ng'ombe. Kwa kweli sikumlaumu, kwa sababu miradi yote iliyokuja kwetu iliacha kitu cha rangi ile kikikaa bure. Nikamwambia ni chombo cha kwendea majini.

"Kwenda wapi?"

"Kuzunguka na kurudi."

Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hicho kinafaa kuwa hori tu. Ng'ombe wangu leo wamelamba vizuri kuliko siku zote. Nipe, nikupe mtamba."

Nilifikiri. Sitawadanganya, nilifikiri muda mrefu. Mtamba yule alikuwa amesimama pale, mwekundu, ana tumbo. Lakini mtamba mmoja haezeki nyumba, na nikishatoa kayaki, mabati ya Shabani yamekwenda, na zile kuta ni kuta za udongo. Nikasema hapana. Tulipoipindua magadi yakamwagika, tukaona ufa chini, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko.

Gidahoda hakusema pole. Alisema mnada wa Katesh ni Alhamisi, anapeleka ng'ombe, na pale wapo mafundi wa kuziba mabeseni. Hori na beseni ni ndugu. Basi Jumatano tukaifunga kayaki juu ya punda wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, tukaenda. Punda wa mbele akitaka kushoto na wa nyuma kulia, tunasimama tunawangoja wapatane. Tulisimama sana.

Tukalala kwake Getanuwas. Mkewe alinikaribisha vizuri, akaleta kibuyu cha maziwa, kisha akanusa, akauliza jambo kwa lugha yao. Gidahoda akatafsiri. "Anauliza kama umekula samaki."

"Nimekula."

Akakichukua kibuyu akaondoka nacho, bila hasira, kama mtu anayeondoa kisu mbele ya mtoto. Akanirudishia maziwa kwenye kopo la bati lililokuwa la rangi ya nyumba. Nikanywa. Usiku nilikaa nikiwaza, nikaona baba yangu angekubaliana na yule mama, wakakaa wote wawili upande ule, na mimi peke yangu na kopo langu.

Katesh fundi wa mabeseni alitoka Nangwa, mtu mfupi, ana kisu kwenye makaa na rundo la madumu mabovu. Foleni ya akina mama na mabeseni yao ilikuwa ndefu. Alipoiona kayaki akasema, "Beseni hili ni la nani, la Goliati?" Akasema nirudi kesho. Nikamwambia Jumamosi nakaa ndani yake majini. Akasema yeye huziba ili maji yasitoke, hajawahi kuziba ili maji yasiingie, hata hivyo atajaribu. Ilibidi Gidahoda aongee na foleni. Sijui aliwaambia nini, mtu ana fimbo na lugha yake, akina mama wakanipisha. Fundi akayeyusha dumu la njano la mafuta ya kula, akalipaka kwa kisu, akashona kwa waya, akapaka tena. Kayaki ikawa na kovu la njano.

Gidahoda aliuza madume mawili akaninunulia nyama choma. Ilikuwa nyama nzuri, na nilikuwa na njaa ya safari, lakini nilipoitafuna nilijikuta naitafutia miiba.

Basotu tena, Jumamosi

Punda walinirudisha usiku wa Ijumaa, na lori la Shabani lilifika alfajiri likiimba, maana lilikuwa limebeba kwaya. Nesi Martina alikuwemo. Akaniita pembeni.

"Baba Bura, mvua ilinyesha juzi. Kidogo tu. Kona moja imeanza kuvimba. Wamama wamefunika kuta kwa maturubai na mabua, lakini mvua kubwa ikija hayatoshi." Akainua vidole vinne. "Nina mama wanne wa kujifungua mwezi huu."

Nikapanda kayaki. Jua likachomoza, Shabani akatazama saa yake, akainua mkono, kwaya ikaanza wimbo, nikaanza kuzunguka.

Asubuhi ilikuwa nyepesi. Saa nne kovu la njano likaanza kulia maji, kidogo, kama pua ya mtoto. Nikawa napiga kasia mara ishirini, nachota kwa kopo mara tano. Samaki wakagoma. Saa sita hakuna, saa nane hakuna. Mkumbo pembeni na jiko lake linawaka bure. Watu ufukweni walikuwa wanakula pilau, harufu inakuja juu ya maji, na nakiri harufu ile ilikuwa nzito kuliko kasia. Mkumbo akaangalia huku na huku. "Mzee, nina ugali mfukoni. Hakuna atakayeona."

"Wewe utaona."

"Mimi mvuvi. Nani anamwamini mvuvi?"

Sikuuchukua. Saa tisa wakaanza kuuma, watatu mfululizo. Nilikula wa kwanza hajaiva upande mmoja.

Saa kumi na moja wingu likatoka upande wa Mlima Hanang, jeusi lote, likafunika ziwa, na mvua ikashuka yote kwa pamoja. Kwaya ikakimbilia chini ya turubai la lori. Sasa nilikuwa nachota kopo kumi kwa kasia tano. Na jua halipo. Unajuaje jua limezama kama halionekani? Hilo hatukulipanga kwenye harambee.

Nilisogea karibu na ufukwe, kama hatua kumi, nikasikia wakibishana. Mzee wa kanisa alisema, "Limezama hilo, giza limeshaingia, atoke!"

"Hilo ni giza la mvua," Shabani akasema.

"Basi nani ataamua?"

"Maghribi itaamua. Adhana ikiitwa, jua limezama."

Wote wakatega masikio, Wakristo sitini chini ya turubai, kusikiliza msikiti wa Basotu. Mvua ilivyopiga turubai usingesikia hata ng'ombe akizaa. Nesi Martina akatoka kwenye mvua, kitambaa kimemganda kichwani. "Shabani, mwanangu, maji yamemfika kiunoni. Ita wewe mwenyewe hiyo adhana."

"Saa haijafika, mama."

"Imebaki ngapi?"

"Dakika kumi na mbili."

"Mzee anakufa!"

"Mama," Shabani akasema, na alikuwa hacheki, "adhana haiitwi kwa sababu ya mzee Bura."

Nilimsikia. Nilimchukia dakika kama tatu, halafu nikaona ni kweli, mtu akikuibia dakika kumi na mbili hata mabati yake utayashuku. Nikaacha kasia, nikawa nachota tu. Mkumbo alizima jiko, akashika ncha ya kayaki kwa mkono ili isipinduke. Kukokota hakukokota. Gidahoda alikuwa amefika na ng'ombe wake, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, amejiegemeza kwenye fimbo, ananitazama kama mtu anayengojea chombo chake.

Kisha Shabani akavua viatu. Akatembea mpaka ukingoni, akaelekea kaskazini, akaweka mikono masikioni, akaita. Sauti yake si nzuri, ni ya mtu wa kupigia kelele makuli, lakini aliita yote, taratibu, hakuruka neno, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Hakuna aliyesogea mpaka amemaliza. Alipomaliza akasema, "Toka, mzee," akaondoka kwenda kusali.

Sikuweza kutoka. Miguu ilikuwa imesahau. Kwaya ikaja ikanivuta kwenye tundu kama kiazi.

Kurudi nyumbani

Mabati yalikuwa ndani ya lori tangu asubuhi. Kwaya ilikuwa imeyakalia njia nzima. Nilimuuliza Shabani ningeshindwa je. Akasema angeyapeleka Singida kuyauza, kwani lori halisafiri tupu.

Kayaki aliichukua Gidahoda, na mtamba akatoa kama alivyosema, na kwa mtamba huyo tulipata mbao na misumari. Lile kovu alilisifia. Alisema sasa linashika magadi vizuri kuliko mwanzo.

Asubuhi tuliondoka, tukakwama mbele ya Haydom. Watu sitini tukashuka, tukateremsha mabati, tukasukuma, tukapakia, tukakwama tena ng'ambo ya korongo. Mara ya pili kwaya haikuimba. Tulifika Maretadu jioni ya Jumatatu. Kona ya magharibi ilikuwa imelala chini yote, turubai na mabua juu yake. Kuta tatu na nusu zilikuwa zimesimama. Fundi wetu wa kuezeka akasema atasimamisha nguzo pale kwenye kona, kenchi haitajua tofauti.

Jumatano tulikuwa juu, wanaume saba, tunapigilia, na wingu linakuja kutoka Basotu kama linatudai. Bati lilikuwa limefika katikati ya nyumba tulipoona watu wanakuja na kitanda begani. Walikuwa wanaelekea hospitali. Nesi Martina akatoka barabarani, akamtazama yule mama, akawaambia wageuze. Wakamwingiza chini yetu, upande ulioezekwa. Mvua ikaanza. Sisi tukaongeza kupiga.

Nesi akatoka nje, akatazama juu. "Baba zangu, nyundo hizo. Hatusikilizani humu."

Fundi akauliza, "Tupige polepole?"

"Msipige kabisa."

Tukakaa. Wanaume saba juu ya kenchi, nyundo mkononi, mvua inatunyeshea kichwani, na chini ya miguu yetu bati linapiga kelele ambazo hakuna aliyeweza kuziambia zinyamaze. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, hakuitema. Tulikaa hivyo mpaka ikasikika sauti ya tatu humo ndani, ndogo, yenye hasira.

Upande uliobaki tuliupigilia kesho yake.